Jiko liliwaka Kilimanjaro, mbona limezimika Abisko?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Naishi Umeå, Uswidi. Mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro na jiko langu dogo la gesi la kuchemshia chai, na hata kambi ya Barafu halikunisumbua. Machi hii nimelala hemani karibu na Abisko, kaskazini kabisa mwa Uswidi, nyuzi 20 chini ya sifuri. Moto ukasuasua, ukafifia, ukazimika. Nikitikisa kopo, gesi naisikia imo. Kibovu ni jiko au kopo? Mwakani nataka kutembea hadi Kebnekaise, mlima mrefu kuliko yote Uswidi.

JIBU: Jiko lako zima, ndugu yangu. Iliyogoma ni gesi. Ndani ya kopo kuna kimiminika, lakini kinachowaka ni mvuke wake. Gesi za makopo haya ni butani, isobutani na propani. Katika hewa ya usawa wa bahari, butani huchemka ikiwa nusu digrii tu chini ya sifuri, isobutani karibu nyuzi 12 chini, propani nyuzi 42 chini. Makopo mengi ni mchanganyiko. Propani hutangulia kutoka, na butani, isiyochemka kwa baridi hiyo, inabaki imelala chini. Ndiyo uliyoisikia ikicheza.

Tena gesi ikigeuka mvuke hunyonya joto la kopo lenyewe. Mtazame muuza chips anayekaanga mfululizo: mtungi wake hutoka jasho sehemu ya chini, pale gesi ilipofikia.

Sasa Barafu. Wengi hudhani kadiri unavyopanda ndivyo jiko linavyoteseka. Kwa gesi ni kinyume. Kambi ile iko mita 4,600 na ushei, hewa yake haizidi sana nusu ya hewa ya pwani, na haiikandamizi gesi. Pale butani huendelea kutoa mvuke hadi karibu nyuzi 14 chini ya sifuri. Abisko haifiki hata mita 400: hewa nzito kama ya Tanga, baridi ya friza.

Ufanyeje? Nunua kopo la majira ya baridi lenye isobutani na propani, si butani tupu. Lala nalo ndani ya begi la kulalia. Ukipika, lisimamishe kwenye bakuli lenye maji kidogo. Hata ya baridi yanafaa, maana maji ambayo hayajaganda yana joto kuliko hewa ya nyuzi 20 chini. Kuligeuza kopo kichwa chini kunasaidia pia, ila kwa jiko linaloungwa na kopo kwa mpira, lenye bomba la gesi linalopita kwenye moto, tu. Jiko linalofungwa juu ya kopo usiligeuze kamwe, litakurukia moto.

Mimi kwa baridi hiyo huacha gesi nyumbani, nabeba jiko la pampu la petroli safi au mafuta ya taa. Linanuka na lina masizi, lakini msukumo wake unatoka mkononi mwako. Beba mafuta ya kutosha: kuchemsha maji kutoka theluji kunakula karibu mara mbili ya maji yaliyokwisha yeyuka. Acha maji kidogo sufuriani kabla ya kutia theluji, la sivyo sufuria inaungua na chai inanuka moshi.

Na usipike ndani ya hema lililofungwa hata upepo ukivuma vipi. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu. Kati ya Abisko na Kebnekaise kuna vibanda vya wapanda milima, kama kile cha Alesjaure, vyenye jiko na kuni za kupasua mwenyewe. Upepo ukichafuka, kapikie humo.