Taifa Stars na AFCON: maswali yenu

Kila Stars wanapocheza, baba hulitaja bao la Ndola. Ni bao gani? (Msomaji, Tabora)

Ni la Peter Tino, na baba ana haki ya kulitaja. Mwaka 1979 sisi Tanzania tuliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, tukaifuata kwao Ndola tukihitaji sare. Wakatangulia kufunga, Tino akasawazisha, na kwa mara ya kwanza tukafuzu fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON). Nchi ndiyo kwanza ilikuwa imetoka vitani Kagera.

Naumia nikisikia vijana wakisema kikosi cha 1980 kilikwenda Nigeria kutalii. Timu zilikuwa nane tu, leo ni 24. Tulifungwa 3-1 na wenyeji, ambao ndio waliotwaa kombe, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi aliwafunga Nigeria, Thuwein Waziri akafunga katika mechi mbili zilizofuata. Hakuna mechi tuliyotoka bila bao! Tuliporudi 2019, baada ya miaka 39, tulifunga katika mechi moja tu, ile ya Kenya, nayo tukalala 3-2.

Ni kweli hatujawahi kushinda mechi AFCON? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Fainali nne, mechi 13, sare tano, vipigo vinane. Inayoniuma zaidi ni ya Zambia, Januari 2024: Simon Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, lakini tukarudi nyuma kulinda bao hadi Patson Daka akasawazisha dakika ya 88.

Na CHAN je? (Msomaji, Dodoma)

Huko tumeshinda. Agosti 2025, nyumbani, tulizifunga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, kisha Morocco wakatutoa robo fainali. Ila CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani pekee.

Tuliingiaje 16 bora ya AFCON 2025 nchini Morocco bila ushindi? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sare mbili za 1-1, na Uganda na Tunisia. Timu nne bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi husonga mbele. Sisi na Angola tulilingana pointi mbili na tofauti ya mabao. Tukapita kwa kufunga matatu, wao mawili. Kwa hiyo lile bao la Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, mechi tuliyofungwa 2-1 na wengi wakazima televisheni, ndilo lililotuvusha.