Maswali na majibu: Darubini ya babu, ya vitani au ya juzi?

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu darubini na dira za kijeshi. Nimefurahi, maana vitu vya wazee waliokwenda Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) bado vimo ndani ya masanduku mengi hapa Nairobi, na wapo wanaovinunua kwa bei ya chuma chakavu.

*Tuna darubini ya shaba, ile ya kuvuta, imeandikwa "Kelvin & Hughes London 1917". Mjomba husema babu alirudi nayo kutoka vitani. Ni ya kweli? (Msomaji, Buruburu)*

Pole, ndugu yangu. Maandishi yenyewe ndiyo yanayoiumbua. Kelvin & Hughes ilizaliwa 1947, kampuni mbili zilipoungana. Mwaka 1917 jina hilo halikuwepo. Nakala za aina hii hutengenezwa kwa wingi India na kuuzwa kama mapambo. Darubini ya kuvuta ya jeshi la Uingereza ya wakati ule mara nyingi imegongwa kifupi cha aina yake, kama "TEL. SCT. REGT." (Telescope, Scout Regiment), jina la mtengenezaji, mwaka na nambari.

Lakini msimwone babu mwongo kwa sababu ya darubini. Tafuteni medali zake. Za vita vya kwanza zina nambari na jina la askari kwenye ukingo, kwa herufi ndogo sana. Za vita vya pili Waingereza hawakuziandika majina, kwa hiyo hapo mtahitaji karatasi zake za kuachishwa jeshi. Hizo ndizo za kuhifadhi kuliko darubini yoyote.

*Nimepata mtu anauza darubini ya bunduki, No. 32 ya Waingereza. Ina kutu na imechakaa kweli. Nitajuaje si nakala? (Msomaji, Lang'ata)*

Kutu isikushawishi. Kutu hupatikana kwa chumvi na wiki mbili za subira. Anza na nambari. No. 32 ilibuniwa kwa ajili ya bunduki ya rashasha ya Bren, kisha ikafungwa kwenye bunduki ya wadunguzi, No. 4 (T), ambazo nyingi zilitayarishwa na Holland & Holland. Kila darubini ililinganishwa na bunduki moja: nambari ya darubini iligongwa juu ya shingo ya kitako, na nambari ya bunduki ikagongwa kwenye kishikizo cha darubini. Kishikizo kisicho na nambari, au chenye nambari iliyosuguliwa, kinataka maelezo.

Kisha chungulia. Inakuza mara 3 tu, na ndani utaona kijiti kilichochongoka kikisimama kutoka chini, na uzi mmoja uliolala. Ukikuta msalaba mzima wenye vidoto, rudisha. Angalia skrubu: ziwe za mfuo mmoja, si za msalaba. Mwisho pitisha ukucha juu ya maandishi. Ya zamani yamechongwa au kugongwa, na kina chake si sawa kila mahali. Ya leza yamelingana mno na kingo zake zina weusi wa kuungua. Toleo la kwanza la No. 32 hubeba alama "O.S. 466 A".

Tahadhari moja: karakana za jeshi zilizikarabati darubini hizi kwa miaka mingi, kwa hiyo sehemu mpya kuliko nyingine si lazima iwe udanganyifu. Mimi ningeinunua, mradi muuzaji aseme ukweli huo mwenyewe. Na kwa kuwa ni kifaa cha bunduki, ulizia Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kulipa.

*Lenzi ya darubini yangu "ya 1943" inang'aa kijani. Ni dalili nzuri? (Msomaji, Eastleigh)*

Hapana. Zeiss, kampuni ya Ujerumani, walianza kupaka lenzi utando wa kupunguza mwakisiko miaka ya 1930, lakini ilikuwa tabaka moja, lenye mng'ao wa samawati au zambarau. Kijani kikali ni cha matabaka mengi, teknolojia iliyoenea miaka ya 1970. Ama lenzi imebadilishwa, ama darubini nzima ni mpya.

*Dira ya babu haing'ai tena gizani. Niikwangue rangi ile nipake nyingine? (Msomaji, Kawangware)*

Usiguse, tafadhali! Huenda rangi hiyo ina radi (si ile ya mvua, bali radium, metali yenye mionzi). Mng'ao hufa lakini mionzi haifi: nusu ya radi huisha baada ya miaka 1,600 hivi. Vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari. Usiifungue, na watoto wasiichezee. Shaba yake nayo usiing'arishe, utafuta alama.

*Nimenunua darubini ya macho mawili Kariokor. Ina mshale kama unyayo wa kuku, ndani ya herufi U. (Msomaji, Pangani)*

Hongera, dada! Mshale huo ni alama ya mali ya jeshi la Uingereza, na ukiwa ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Ndani ya C ungekuwa wa Kanada. Wanajeshi wa Afrika Kusini walifika Kenya 1940 kwenda kupigana na Waitalia, kwa hiyo kuikuta Nairobi hakushangazi hata kidogo. Nitumie picha ya bamba lililo karibu na jicho la kulia, nisome mwaka.