"Wanawake hawaombi nafasi": yanayotokea kabla tangazo la nafasi halijatoka

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini katika taasisi yenu wanawake ni zaidi ya nusu ya waajiriwa wapya, ilhali kwenye vikao vya wakuu wa idara wanahesabika kwa vidole. Umeuliza pia kama ni kweli, kama mlivyojibiwa na idara ya rasilimali watu, kwamba wanawake wenyewe hawaombi nafasi zinapotangazwa na kwamba dawa yake ni semina za kujiamini. Nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa muda mrefu, nikiandaa majalada ya watumishi wanaopendekezwa kupandishwa vyeo, na nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye majalada hayo. Siku tangazo linapobandikwa, sehemu kubwa ya uamuzi huwa imekwisha kufanyika, tena na mtu ambaye hayumo kwenye jopo la usaili: yule anayegawa kazi za kila siku.

Tazama suala la kukaimu. Mkuu wa kitengo anaposafiri au kuugua hakuna usaili unaofanyika. Anaandika barua, na mara nyingine hata barua hakuna, anatamka tu kwamba fulani atashika nafasi yake mpaka arudi. Huyo fulani anasaini hati za malipo, anaingia kwenye kikao cha menejimenti, na wakurugenzi wanaanza kumfahamu kwa jina. Nafasi ikitangazwa baadaye, moja ya sifa zinazotakiwa ni uzoefu wa uongozi, na yeye anao, wakati mwenzake wa kike mwenye elimu ileile na pengine utendaji bora zaidi hana cha kutaja mbele ya jopo. Sijapata kumsikia mkuu akisema waziwazi kwamba hataki mwanamke amkaimie. Nilipouliza, sababu nilizopewa zilikuwa za huruma: ana mtoto mdogo, vikao huchelewa kwisha, si vizuri kumwongezea mzigo. Mhusika mwenyewe hakuulizwa. Kwa maoni yangu, huruma ya namna hii huwanyima wanawake vyeo vingi kuliko chuki, kwa kuwa chuki angalau inaweza kuandikiwa malalamiko.

Upande wa pili wa ugawaji ni kazi ambazo lazima zifanyike lakini hazimpandishi mtu cheo: kuandika muhtasari wa kikao, kuandaa sherehe ya kumuaga anayestaafu, kumwelekeza mgeni wa ofisi, kukaa kwenye kamati ya ustawi. Mwaka 2017 Linda Babcock, Lise Vesterlund na wenzao walichapisha majaribio kuhusu kazi za aina hii. Katika vikundi vilivyochanganya jinsia, wanawake walijitolea zaidi kuliko wanaume, na ndio walioombwa zaidi. Lakini vikundi vilipokuwa vya jinsia moja tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake ni kwamba hakuna maumbile yanayomfanya mwanamke apende kuandika mihtasari. Kila aliyemo chumbani anatarajia kwamba yeye ndiye atakayeinua mkono, na yeye pia anajua hivyo. Katika taasisi moja niliyoitumikia tuliziandika kazi hizo kwenye rejesta na kuzipangia zamu. Manung'uniko yalikuwepo, na mihtasari ikawa mifupi ghafla, jambo ambalo binafsi sikulisikitikia.

Lakini pale ninapoona hasara kubwa kuliko zote ni kwenye fomu ya tathmini ya utendaji kazi baada ya likizo ya uzazi. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo hiyo isipungue wiki 14, na unampa mwanamke haki ya kurudi kwenye nafasi yake au inayolingana nayo kwa mshahara uleule. Chukulia mtumishi aliyepangiwa kufunga mikataba 20 kwa mwaka. Amekuwa kazini wiki 38, akafunga mikataba 15. Ukigawanya lengo kwa muda aliokuwapo, alipaswa kufunga takriban 15, hivyo amelifikia. Kwenye fomu, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kurekebisha lengo, anasomeka amepata asilimia 75 na anapewa alama ya wastani. Kanuni ya kupandishwa cheo ikidai alama za juu kwa miaka mitatu mfululizo, anaanza kuhesabu upya, na akijifungua tena kabla mfululizo huo haujatimia anarudi mwanzo kwa mara nyingine. Wiki 14 zinageuka kuwa miaka sita au saba ya kubaki ngazi ileile, na katika safari yote hiyo hakuna mtu aliyefanya jambo ambalo ungeweza kulipeleka kwenye kamati ya nidhamu. Ongeza kwamba wateja aliowaacha mara nyingi hubaki kwa aliyewapokea: amerudishiwa meza na cheo, kazi yenyewe haikurudi.

Kuhusu safari za kikazi nitasema kwa ufupi. Mwanamke anapokataa safari inayojenga jina, uliza kwanza anasafiri na nani. Mkataba Na. 190 wa Shirika hilohilo la Kazi, wa mwaka 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unahesabu safari, mafunzo na mawasiliano ya kikazi kuwa sehemu ya mazingira ya kazi, kwa hiyo unyanyasaji unaotokea hotelini ni suala la mwajiri sawa na ule wa ofisini. Mwongozo wa watumishi usiotaja hivyo una pengo.

Kwa hiyo semina za kujiamini sizipingi, ila zinamtibu asiyeumwa. Mtu anayesoma sifa za nafasi, akaona hana barua ya kukaimu wala alama za tathmini zinazotakiwa, akaacha kuomba, amefanya hesabu sahihi.

Badala ya semina, iombeni idara takwimu kwa jinsia na kwa ngazi: nani amekaimu katika miaka miwili iliyopita, nani amepelekwa mafunzo, alama za tathmini za waliokuwa likizo ya uzazi, na mishahara. Wakisema takwimu za mishahara kwa jinsia haziwezi kutolewa, wakumbusheni kwamba Uingereza iliwataka waajiri wenye watumishi 250 au zaidi wazichapishe kuanzia mwaka 2017, na kwamba sheria ya Iceland iliyoanza kutumika mwaka 2018 iliwataka waajiri wenye watumishi 25 au zaidi wathibitishe kwamba wanalipa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Wakijibu kwamba kumbukumbu za kukaimu hazitunzwi, ambalo ndilo jibu ninalolitarajia, basi ombi lenu la kwanza liwe kwamba kila anayekaimu, hata kwa siku moja, aandikiwe barua na nakala yake iingie kwenye jalada lake, na mkuu wa kitengo aeleze kwa maandishi kila anapomteua mtu yuleyule mara ya tatu mfululizo.