Mashine haifiki mizunguko: punguza pichi ya propela

Kaka, umesema mashine ya boti yako, ya farasi 15, inaishia mizunguko 4,200 kwa dakika ukipakia nyavu na barafu, na kitabu chake kinataka 4,500 hadi 5,500. Basi propela inailemea mashine kwa mzigo huo. Soma namba zilizochongwa juu yake, mfano 9¼ x 10: ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200, kwa hiyo kama yako ni ya pichi 10, tafuta yenye pichi 8. Ukiendelea na propela hiyo hiyo unaichosha mashine, na kuitengeneza mashine ni ghali kuliko propela.

Kabla ya kununua, kwangua konokono na majani chini ya boti, maana nayo huvuta sana. Kisha jaribu ukiwa na mzigo wako wa kila siku, boti tupu itakudanganya.

Na kwa kuwa unapita kwenye miamba, chukua ya alumini. Ikigonga hupinda yenyewe, ya chuma hupeleka kishindo chote kwenye gia.