Nyumba chakavu za Tabora: kwa mnaoanza kununua, kukarabati na kuuza

Wadogo zangu, wengi mnaponiuliza habari za biashara hii mnaanza na rangi, dari na vigae. Mimi nawaomba mrudi nyuma kabisa. Faida ya nyumba kuukuu inapatikana siku ya kununua, na mwenye mtaji mdogo akikosea hapo hana pa kujitetea.

Anza na ukoo. Nyumba nyingi za zamani huku Ng'ambo, Isevya na Kanyenye ni za urithi. Anayekuonyesha funguo anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba, wenzake wako Dar es Salaam na Mwanza na hawana habari. Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaona barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za warithi. Kama mwenyewe yu hai na ana mke, mke naye akubali kwa maandishi; Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia isiuzwe kwa ridhaa ya upande mmoja. Pitia serikali ya mtaa, kisha zungumza na majirani wa pande zote kuhusu mipaka. Uliza na deni la LUKU, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo, na mita iliyokaa muda bila kununuliwa umeme inalimbikiza.

Kukagua, nenda wakati wa mvua. Kwetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Februari nyumba haiwezi kukuficha kitu. Julai kila paa linaonekana zima.

Ukifika, inama. Nyumba ya tofali mbichi inauawa na maji miguuni: mvua inadondoka kutoka kwenye bati, inarukia ukuta, udongo wa chini unaliwa kidogokidogo. Ukiona lipu ya saruji imevimba sehemu za chini, igonge kwa kidole. Ikilia kama debe tupu, ujue imeachana na tofali na nyuma yake kuna unyevu. Kuongeza saruji juu yake ni kuficha ugonjwa. Bandua, acha ukuta ukauke, ziba kwa udongo, kisha refusha bati na chimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kazi hiyo ni ya jembe na jasho zaidi kuliko fedha.

Ufa nao una lugha yake. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini karibu na kona, mara nyingi kona hiyo inazama. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe, urudi baada ya wiki kadhaa. Ukivuka alama, achana na nyumba hiyo, hata dalali akikushushia bei.

Chukua bisibisi, choma miimo ya milango chini kabisa, pale inapogusa sakafu. Ikizama kama kwenye mkate, mchwa wameshamaliza. Lakini mninga wa zamani mara nyingi utaikataa bisibisi. Usikubali fundi akung'olee mlango wa mninga ili aweke wa chuma! Piga msasa, paka vanishi. Wanunuzi wa huku wanaujua.

Fedha yako iende kwanza kwenye paa, pili choo na shimo lake, tatu umeme. Dari na rangi vingoje. Nunua vifaa mwenyewe, na fundi umlipe kwa hatua, kila hatua ikaguliwe kabla ya malipo. Tenga akiba ya dharura, kwa sababu ukishaezua ndipo utakapoona hali halisi ya kenchi, yaani mbao zinazobeba bati.

Kazi ianze mvua zikikatika, ukilenga kumaliza masoko ya tumbaku yakiwa bado yanaendelea. Wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wakishalipwa, baadhi yao hutafuta nyumba mjini ili watoto wasome karibu. Mteja wa namna hiyo mwonyeshe kila karatasi, mpandishe hadi darini akatazame kenchi, na umweleze ni ukuta upi uliukuta na unyevu na ulifanya nini.