Maswali na Majibu: Kopo la sarafu za mirathi

SWALI: Rafiki yangu ameachiwa na marehemu babu yake kopo la biskuti lenye sarafu kama 300: za tundu, za Mjerumani, nyingine zina maandishi ya Kiarabu. Ameniomba nimsaidie kuziuza nami sijui lolote. Sonara mmoja anataka kulichukua kopo zima kwa bei moja. Tumuuzie? – Msomaji, Tanga

JIBU: Kwa sasa hapana. Sonara hununua madini. Atapima, atapiga hesabu ya madini ya fedha yaliyomo, basi. Kwa sehemu kubwa ya kopo bei yake inaweza hata kuwa ya haki. Hasara iko kwenye zile tano au sita ambazo mkusanyaji angezilipia mara nyingi zaidi, nazo zitayeyushwa pamoja na wenzake.

Anzeni na karatasi. Kama msimamizi wa mirathi hajateuliwa, sarafu bado ni za warithi wote, si za rafiki yako peke yake. Andikeni orodha kwa nakala mbili, kila sarafu na namba yake, na warithi watie saini. Wewe mwenyewe usinunue hata moja, na kama utapewa chochote kwa kazi hii, kiwango kiandikwe kabla ya mauzo ya kwanza. Urafiki mwingi huvunjikia hapo.

Tafuteni mizani ya kidijiti inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku na kioo cha kukuza mara kumi. Tandikeni kitambaa laini, shikeni sarafu kwa kingo, kisha gaweni mafungu.

Za tundu nyingi zitakuwa senti 1, ndururu na senti 10 za enzi ya Mwingereza. Thamani yake ni ndogo, zikiwemo za 1936 zenye jina la Edward VIII. Watu wakisikia mfalme huyo hakumaliza mwaka kitini hudhani wameokota hazina, kumbe zilipigwa kwa wingi. Ila msizichanganye na heller za Mjerumani zenye tundu: heller 10 za kuanzia 1908 na heller 5 za 1913 na 1914. (Ndiyo, neno letu "hela" limetoka huko.)

Shilingi na sumuni za Mwingereza zenye simba tazameni mwaka. Hadi 1946 zina robo fedha. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Uzito hautawasaidia hapa, kwa kuwa shilingi zote mbili hukaribia gramu 7.8. Shilingi ya fedha ina takriban gramu 1.9 tu za fedha safi.

Rupia za Mjerumani ndizo za kuzichunguza kwa muda mrefu. Rupia moja ni gramu 11.66, fedha ya 917 kwa 1,000, yaani gramu 10.7 safi. Za 1890 hadi 1902 ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zina ngao ya simba na mnazi. Za 1904 hadi 1914 ni za serikali ya kikoloni, na herufi ndogo A inaonyesha ilipigwa Berlin, J Hamburg. Andikeni mwaka pamoja na herufi, maana rupia mbili zinazofanana usoni zinaweza kupishana bei sana kwa sababu ya hivyo viwili. Mkiona rupia 2 za 1893 au 1894, wekeni kando peke yake. Rupia iliyotobolewa au yenye alama ya kulehemiwa kidani hurudi kwenye bei ya madini, hata ikiwa ya mwaka adimu.

Kwenye maandishi ya Kiarabu, sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya 1890 hadi 1892, yenye tai, ni ya Mjerumani. Yenye mizani ni ya Sultani Barghash wa Zanzibar au ya kampuni ya Kiingereza ya Mombasa. Hiyo ya Mombasa ina herufi za Kilatini pia. Nje ya hizo za Kiarabu, riale kubwa ya fedha ya Maria Theresa, malkia wa Austria, isiwapumbaze kwa mwaka wake wa 1780: imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo zaidi ya karne mbili. Ni gramu 28.07, na bei yake ya kawaida haiendi mbali na gramu 23.4 za fedha safi zilizomo.

Bei msizitoe kwenye matangazo. Anayetangaza anaweza kuomba anachotaka. Tafuteni sarafu zilizokwisha kuuzwa kwenye minada, za mwaka na hali ileile. Katalogi ya bure ya Numista itawapa namba ya kila aina. Kisha uzeni kwa sehemu: za kawaida kwa fungu, za fedha zilizochakaa kwa sonara kwa uzito, nzuri moja moja kwa wakusanyaji au mnada. Kupeleka sarafu NGC au PCGS, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, ipimwe daraja kuna maana pale tu ambapo bei inazidi mbali ada na usafirishaji.

Kabla ya kupeleka nje, angalieni sheria. Tanzania, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kinalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964 na kinahitaji kibali. Kenya mpaka ni 1895, kwa hiyo rupia ya ile kampuni ya Mombasa ya 1888 nayo inalindwa.

Anayewaambia rupia ina zebaki au "inavuta" mchele ni tapeli. Malipo ya simu yathibitishwe kwa kuangalia salio, si kwa ujumbe anaowaonyesha mnunuzi.

SWALI: Nizisugue kwa ndimu na majivu zing'ae kabla ya kupiga picha? – Msomaji, Malindi

JIBU: Usithubutu. Wala dawa ya meno. Asidi ya ndimu na chembe za majivu hula ngozi ya juu ya sarafu, na mkusanyaji huona mikwaruzo kwa kioo mara moja. Weusi wa fedha ni mali. Udongo tu ndio unaoweza kulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled water), kisha sarafu ikaushwe kwa kuigusagusa na kitambaa. Ute wa kijani kutoka mfuko laini wa plastiki hutoka kwa asetoni safi, mbali na moto. Ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato haifai. Kwa picha, weka karatasi nyeupe na taa ya pembeni, bila mwako wa kamera. Kwa unyevu wa pwani, hifadhi kwenye bahasha za karatasi, na usizifunge kwa mipira: salfa yake huichafua fedha.

SWALI: Kuna moja ya dhahabu yenye tembo, imeandikwa 15 Rupien. Ni ya kweli? – Msomaji, Kigoma

JIBU: Ya kweli ilipigwa Tabora 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, nayo ina herufi T. Ina uzito wa gramu 7.17, dhahabu ya 750 kwa 1,000, kipenyo cha milimita 22. Nakala ni nyingi mno. Ikipungua hata gramu nusu, au ikiwa na mshono ukingoni, ni bandia. Ikifaulu kote, usiitoe mkononi hadi mtaalamu wa mnada aione ana kwa ana, wala usimruhusu mtu aikwangue kupima dhahabu.