Kabla Hujachagua Dadu la Mchezo Wako wa Vita

Usianze na dadu, hata kama lile la pande 20 linakuvutia. Unapotunga mchezo wa vita wa vijisanamu, jiulize kwanza: nyongeza ya 1 kwenye namba ya dadu, tuseme kwa kikosi kilicho kilimani, iwe na uzito gani? Kwenye dadu la pande 6 ni kama asilimia 17. Kwenye la pande 10 ni asilimia 10. Kwenye la pande 20 ni 5 tu. Mchezaji aliyehangaika kukipandisha kikosi kilimani hataiona faida yake.

Dadu la pande 6, lile la ludo, huharibiwa na adhabu zinazorundikwa. Askari anapiga kwa 4 kwenda juu, yaani anapata shabaha dadu likitoa 4 au zaidi. Mtoze 1 kwa umbali, 1 kwa kichaka, 1 kwa kuwa ametoka mbio: sasa anahitaji 7, na dadu halina 7. Kanuni ya "6 hupiga daima" inaokoa jahazi, ila adhabu ya tatu inakuwa bure. Ama weka kikomo cha adhabu, ama hamia pande 10: anayepiga kwa 6 kwenda juu, akitozwa 3, bado ana nafasi 2 kati ya 10.

Kisha piga hesabu ya hatua zote kwa pamoja. Askari 10 wanapiga kwa 4 kwenda juu, wanajeruhi kwa 4, adui anajiokoa kwa 5. Kwa wastani risasi 5 zinapata shabaha, 2.5 zinajeruhi, wanakufa 1.67. Sasa weka ukuta. Ukimwongezea adui 1 ya kujiokoa, wanakufa 1.25, ukimpunguzia mpigaji 1, wanakufa 1.11. Ukuta ni uleule, lakini njia ya kwanza imeokoa robo, ya pili theluthi. Na hatua tatu kwa vikosi 8 ni mirusho 24 kila zamu. Mbili zinatosha.

Kupima kama kikosi kina ujasiri wa kutokimbia, jumlisha madadu mawili ya pande 6: jumla isizidi namba yake ya ujasiri. Kupata 7 au chini ni 21 kati ya 36. 9 au chini ni 30. Angalia tu afisa anayeongeza 1 kwenye namba hiyo: kikosi kinachotoka 7 kwenda 8 kinapata asilimia 14, kinachotoka 10 kwenda 11 kinaambulia 6 hivi.

Wachezaji wawili wakishindana kwa dadu moja moja la pande 6, sare hutokea mara 1 kati ya 6, kwa hiyo iandikie kanuni mapema. Andikia kanuni pia dadu lililoegemea kilima cha mezani bila kulala sawasawa.